Nilimwelewa Konsolata, Nikanyamaza

Wasomaji wenzangu, nina miaka hamsini na mitatu, mzaliwa wa Mabawe, Ngara. Kanisani wananisifu kwa huruma. Laiti wangejua!

Miaka ile wakimbizi wa Burundi walipofurika kwetu, nilipata kazi kambini ya kutathmini mahitaji ya watoto waliopotezana na wazazi. Bosi wangu, dada kutoka Dar es Salaam, aliniuliza kama nasikia lugha yao. Kihangaza chetu hakipishani sana na Kirundi, nilisikia kila neno... Lakini waliojua lugha walifanywa wakalimani, na mimi nilitaka kuitwa afisa! Nikajibu sijui hata salamu.

Siku moja mkalimani aliugua. Tukaenda hivyo hivyo kumwona Konsolata, binti wa miaka kama kumi na mitatu, aliyeishi na mama mmoja aliyejiita shangazi yake. Viganja vya binti vilijaa malengelenge. Bosi akauliza anahitaji nini, na yule mama akajitolea kutafsiri.

Konsolata akanitazama mimi. Akasema kwa Kirundi, taratibu, kwamba huyo si shangazi yake, anamkodisha kulima mashamba ya watu, na akaomba tumwondoe pale.

"Anasema anaomba blanketi tu, dada," yule mama akatafsiri.

Niseme nimeelewa, bosi ajue nilimdanganya? Niliinamisha uso, nikaandika: blanketi.

Nilijipa moyo kwamba nitarudi peke yangu nimsaidie. Leo, kesho, leo, kesho... Niliporudi kibanda kilikuwa kitupu. Majirani wakaniambia binti amepelekwa Biharamulo kwa tajiri mmoja wa tumbaku.

Miaka mingi baadaye nilimkuta huko huko Biharamulo, sokoni, anauza ndizi. Alikuwa bado kijana, lakini mgongo wake ulishapinda kama wa bibi kizee. Nikajisahau, nikamsalimu kwa Kihangaza.

Alinikazia macho.

"Kumbe siku ile ulinielewa, dada?"

Nililia mbele za watu, bila aibu ya machozi, maana aibu ya nilichomtendea ilikuwa kubwa zaidi. Yeye akaendelea kupanga ndizi zake.

Ninyi mnaokwenda kuwasikiliza vijana, nawasihi, msiifuate njia yangu! Mpelekeni mtoto pembeni, mbali na anayemsemea. Mwulizeni mwenyewe. Na akishasema, hata kama itawagharimu kazi, kubalini kwamba mmesikia.