Chai Ambayo Haikumwagika

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi tatu: kumfuta babu yake uso kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kumnywesha chai kwa kijiko, na kuwasha laptopu. Mama alikuwa ameshatoka. Alifua mashuka katika hospitali kubwa, na zamu yake haikungoja jua.

Babu, mzaa mama, alikuwa mpiga mnada. Kwa miaka thelathini aliuza vitanda, baiskeli na mbuzi kwa nguvu ya mdomo wake, na watu walisema angeweza kumuuzia kipofu kioo. Ni yeye aliyempa mjukuu wake jina la Chiriku, maana mtoto huyo hakujua kunyamaza. Kisha kiharusi kikaja, kikachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi mzima. Mkono wa kushoto ulibaki, lakini ulikuwa haujawahi kujifunza kushika kalamu.

Laptopu ndiyo ikawa kinywa chake. Ilikuwa kuukuu, ndogo kama daftari la mahudhurio, na kumbukumbu yake haba. Fundi wa kompyuta wa mtaani aliiwekea mfumo endeshi mwepesi, yaani ile programu kuu inayoongoza mashine nzima. Kisha akabandika picha juu ya vibonye kumi na viwili. Babu akibonyeza bilauri, sauti ya Mama iliyorekodiwa ilisema "maji". Palikuwa na choo, maumivu, ndiyo, hapana, njoo. Sauti ilivuka ukuta, na jirani aliyeshinda nyumbani akishona aliisikia na kuja. Mashine iliwaka kabla chai haijapoa. Urembo haikuwa nao: skrini ya kijivu na maandishi meusi, basi.

Huo urembo uliokosekana ndio uliomponza Chiriku.

Darasani kwao alikuwapo msichana waliyemwita Madoido, kwa jinsi alivyopenda vitu vinavyong'aa. Alikuja siku moja nyumbani kwa Chiriku kufanya kazi ya kundi la sayansi, akaiona skrini ile ya kijivu, akauliza kama hiyo ni laptopu au mzani wa bucha. Kesho yake darasa zima lilikuwa na habari. Kila Chiriku aliponyoosha mkono kujibu swali, mtu wa nyuma alinong'ona, "Kilo ngapi?"

Hatimaye Madoido mwenyewe akamletea flashi yenye mfumo mwingine, wa madirisha yanayometameta na picha zinazotembea. Alimwambia kundi litakuja tena kwao Jumanne saa kumi. Wakiukuta mzani bado upo, watahamia kwa mtu mwingine na jina lake watalikata kwenye kazi.

Jumanne hiyo, saa nane na nusu, Chiriku akachomeka flashi. Babu alikuwa amelala kwenye kitanda cha sebuleni, akimtazama. Maandishi yakatokea kuonya kwamba kumbukumbu ya mashine haitoshi. Chiriku akayapita. Mengine yakauliza kama afute kila kitu kilichomo. Babu akapiga ubao wa kitanda kwa mkono wa kushoto, mara tatu. Chiriku akamjibu bila kugeuka kwamba asubiri, kwani hata dakika tano hawezi kutulia? Akabonyeza ndiyo.

Mfumo mpya ulikuwa mzuri, mtu asikatae. Ua kubwa lilichanua kwenye skrini. Lakini mashine ilichukua dakika kumi na mbili kuwaka, feni ikalia kama nyuki waliochokozwa, na kila alichogusa kiliganda. Vibonye vya Babu vikawa picha tu, havitoi sauti. Chiriku alijiambia kwamba hayo atayashughulikia wageni wakishaondoka.

Wasichana watatu walifika. Ua lilikwama likiwa nusu, na kiduara kikazunguka, kikazunguka. Ndipo Babu akaanza kuguna. Alinyoosha kidole kwenye laptopu, akakirudisha tumboni, akakinyoosha tena. Chiriku alijua maana yake. Alijua tangu mguno wa kwanza, ingawa baadaye alijaribu kulificha hilo hata kwa nafsi yake. Lakini kumkumbatia mzee kiunoni na kumkokota mpaka chooni mbele ya Madoido, hapo aliona aibu. Akasema Babu amefurahi tu kuona wageni. Jirani naye alikuwa upande wa pili wa ukuta, akishona, akingoja sauti ambayo haikuwapo tena.

Baada ya robo saa mguno ulikoma. Harufu ikaenea chumbani. Madoido akaziba pua, akamtazama mzee, akauliza, "Kilo ngapi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Chiriku naye akacheka. Alicheka akiwa amegeukia ukutani, lakini Babu alimwona. Alimtazama mjukuu wake bila kupepesa, kisha akafumba macho.

Mama alirudi jioni mikono imechujuka kwa sabuni. Mtu aliyefua mashuka ya wagonjwa tangu alfajiri alikuta mengine yakimsubiri kwake. Akauliza kwa nini Babu hakubonyeza. Uongo ukamtoka Chiriku wenyewe, kama jasho: Babu ameimwagia laptopu chai, imeharibika.

Mama akamgeukia mzee. "Baba, kitu kimoja nilichoweza kukupa, nacho umeshindwa kukitunza?"

Babu alitikisa kichwa, akaguna, akajipiga kifuani. Akamnyooshea Chiriku kidole. Mama akakishusha kile kidole na kumwambia asimsingizie mtoto anayemfuta uso kila siku ya Mungu. Kuanzia hapo Babu alipewa kikombe cha bati, awe anagonga akihitaji kitu. Aligonga siku mbili. Siku ya tatu hakugonga, na kijiko kilipofika mdomoni hakuufungua.

Jumamosi Mama alimtuma Chiriku kwa yule fundi akaulize kama mashine inaweza kupona. Fundi alikuwa mwanamke mkavu wa maneno, mwenye chumba chembamba nyuma ya duka la fotokopi. Alifungua skrubu moja moja, akamulika tochi ndani, akanusa.

"Chai imekauka bila kuacha hata doa," alisema. "Labda ilikuwa chai ya mdomoni."

Chiriku akatazama sakafu. Fundi akaiwasha mashine, akasubiri lile ua, akasoma tarehe na saa ambayo mfumo mpya uliwekwa. Hakumkemea. Aliuliza tu, kana kwamba hajui, mashine hii ilikuwa ya kazi gani, naye Chiriku akajibu kwamba ni ya Babu kusemea. Fundi akauliza mzee wa umri ule anaweza kujizuia haja dakika ngapi.

"Basi ukichagua mfumo, anza hapo," fundi alisema. "Usiulize unapendeza kiasi gani. Uliza ni nani anausubiri."

Mfumo wa zamani, alieleza, watengenezaji wake walishaacha kuuhudumia, kwa hiyo ilibidi watafute mwingine. Akaweka flashi tatu mezani, akamsukumia Chiriku karatasi na kalamu, akamwonyesha saa ya ukutani. Kila mfumo uliweza kujaribiwa bila kufuta kitu. Wa kwanza uliwaka kwa dakika nne na kula karibu kumbukumbu yote. Wa pili uliwaka upesi sana, lakini spika hazikutoa hata mlio. Wa tatu ulichukua dakika moja, ukatoa sauti safi, na robo tatu ya kumbukumbu ikabaki wazi. Skrini yake ilikuwa ya bluu iliyofifia, haina ua wala kipepeo. Chiriku akauchagua huo. Sauti za Mama, fundi alisema, hazirudi. Zirekodiwe upya, na safari hii nakala ziwekwe kwenye flashi, maana asiyeweka nakala huwa anamwamini mwizi.

Alipokuwa akimkabidhi, fundi alisema mama akimuuliza atamweleza alichokiona, na asipomuuliza hatakwenda kumtafuta. Chiriku alielewa. Angeweza kunyamaza, na mambo yakaisha hivyo hivyo.

Nyumbani alimkuta Mama kitandani kwa Babu na bakuli la supu. Kijiko kilikuwa kikigonga midomo iliyofungwa.

"Babu hakumwaga chai," Chiriku alisema. "Mimi ndiye niliyefuta sauti, ili akina Madoido wasinicheke. Na walipomcheka yeye, mimi nilicheka nao."

Mama hakuinua mkono. Aliweka bakuli chini, akapiga magoti, akamwomba msamaha baba yake, paji la uso likiwa juu ya shuka. Kisha wakarekodi maneno kumi na mawili. Neno "maumivu" Mama alilirudia mara nne, kila mara sauti ikimkatika. Laptopu ikawekwa kwenye sinia mapajani mwa mzee, na Mama akamwambia Chiriku aombe radhi.

Chiriku aliomba, analia. Babu alimtazama, akateremsha kidole, akabonyeza. Sauti ya Mama ikasema, "Hapana."

Supu alikubali, lakini kutoka kwa Mama. Siku zilizofuata aliita maji, aliita choo, aliita jirani, na mashine ikaitikia kila mara. Chiriku alipomkaribia na kitambaa aligeuza uso. Shuleni jina lake lilikatwa kwenye kazi ya kundi, akaifanya peke yake, na kile kinong'ono cha nyuma hakikukoma. Alimfuta Babu shingo na mikono, kwa kuwa uso hakupewa. Wiki ya tatu, asubuhi moja, mzee hakugeuka. Hakubonyeza kitu wala hakutabasamu. Aliacha tu afutwe.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Mama na Chiriku walikuwa uani wakikamua shuka, kila mmoja ameshika ncha yake, na Chiriku akauliza ni lini Babu atamsamehe kabisa.

"Mimi sijui, na wewe huna haki ya kumhimiza," Mama alisema. "Mashine ilipona kwa siku moja kwa sababu mashine haikumbuki. Mtu anakumbuka. Ulichagua kitu kwa ajili ya wanaokicheka, ukamsahau anayekihitaji. Hilo ni kosa la mtoto, lingesameheka siku ile ile. Lakini ulipotafuta wa kumtwisha kosa lako, ulimtwisha asiye na mdomo wa kukataa. Usirudie hilo maishani, mwanangu. Kosa lako libebe mwenyewe, hata likikuvunja mgongo."

Chiriku akaizungusha ncha yake ya shuka kwa nguvu zote, mpaka maji yakaacha kutoka.