Tumpe Anashuka Rampu

Tumpe aliishi Mbeya, mji wenye baridi. Asubuhi alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, mpaka akafanana na kabichi.

Tumpe alikuwa na ubao wa magurudumu. Ubao wenyewe ulikuwa mwekundu. Ukiusukuma, ulisema kra-kra-kra.

Kila Jumamosi alikwenda uwanjani na Shangazi Sekela. Shangazi Sekela alifundisha watoto kuteleza kwa ubao. Alikuwa na kicheko kikubwa. Akicheka, njiwa waliruka kutoka kwenye paa.

Kwenye sakafu, Tumpe alikuwa hodari. Alivaa helmeti yake, akasukuma kwa mguu mmoja. Kra-kra-kra! Alikata kona. Alizunguka pipa. Kra-kra-kra!

Lakini katikati ya uwanja kulikuwa na rampu.

Rampu ilikuwa ya mbao. Ilipanda huku, ikapanda na kule, na katikati ilibonyea kama bakuli. Juu kabisa kulikuwa na ukingo wa chuma.

Hapo ndipo watoto walipocheza treni. Lusajo alishuka kwanza. Anyisile akamfuata. Joki akamfuata Anyisile.

"Chuku-chuku, chuku-chuku, puuu!" walipiga kelele.

Tumpe hakucheza treni. Treni ilianzia juu, na Tumpe hakujua kushuka. Alikaa chini, akatazama.

"Njoo, Tumpe!" aliita Lusajo. "Treni yetu haina behewa la mwisho!"

"Subiri," alisema Tumpe. "Nafunga kamba za viatu."

Lakini kamba zake zilikuwa zimefungwa. Zilifungwa vizuri sana.

Jumamosi moja, Tumpe alimvuta Shangazi shati.

"Shangazi, nataka kuwa behewa."

"Haya, mwanangu. Tupande juu."

Wakapanda ngazi, ko, ko, ko. Tumpe akachungulia chini. Lo! Tumbo lake likasema gurrr.

"Shangazi, hii rampu imekua!"

"Haijakua," alisema Shangazi. "Macho yako ndiyo yamepanda juu."

Shangazi akaweka mkia wa ubao, ile ncha ya nyuma, kwenye ukingo wa chuma. Pua ya ubao ikabaki hewani.

"Mguu wa nyuma unashika mkia," alisema Shangazi. "Mguu wa mbele unakanyaga hapa, juu ya magurudumu ya mbele. Kanyaga kwa nguvu. Sema na mimi."

*Mguu wa nyuma, shika!*
*Mguu wa mbele, kanyaga!*

Shangazi akasimama kwenye rampu, akamshika Tumpe mikono yote miwili.

*Mguu wa nyuma, shika!*
*Mguu wa mbele, kanyaga!*

Ta! Magurudumu yaligonga mbao. Wuuuu! Tumpe akashuka, na Shangazi akakimbia pembeni yake.

"Tena!" alisema Tumpe.

Wakarudia. Safari hii Shangazi alimshika mkono mmoja tu. Ta! Wuuuu!

"Tena!"

"Sasa peke yako," alisema Shangazi.

Peke yake! Tumpe akasimama juu. Akatazama chini. Tumbo likasema gurrr.

*Mguu wa nyuma, shika!*
*Mguu wa mbele...*

Tumpe akaogopa. Akaegemea nyuma. Ubao ukachomoka, wiii! Ukaenda wenyewe.

Tumpe akakaa chini. Puu!

"Makalio yangu!" alisema Tumpe.

Ubao ulipanda upande wa pili. Ukageuka. Ukarudi polepole, kra-kra-kra, mpaka miguuni pake.

Tumpe akautazama.

"Ubao unajua kushuka," alisema. "Mimi sijui."

Akapanda tena. Akaegemea nyuma tena. Wiii! Puu!

Akapanda tena. Wiii! Puu! Safari hii kiwiko chake kilichubuka, na chozi likatoka. Likashuka shavuni bila shida yoyote.

"Siwezi," alisema Tumpe. "Nataka kwenda nyumbani."

Shangazi Sekela hakusema, "Usilie." Hakusema, "Jikaze." Alikaa hapo hapo kwenye rampu, karibu naye. Akatoa kiazi cha kuchemsha kwenye mfuko. Akakigawa.

Wakala. Kiazi kilikuwa bado cha moto.

"Uliogopa?" aliuliza Shangazi.

"Niliogopa."

"Ulipoogopa, ulifanya nini?"

Tumpe akafikiri huku anatafuna. Akasimama, akaonyesha kwa mwili wake.

"Nilirudi nyuma. Hivi."

"Na ubao ulikwenda wapi?"

"Ulikwenda mbele."

"Kwa hiyo?"

Tumpe akaacha kutafuna.

"Kwa hiyo tuliachana! Mimi nilikwenda huku, ubao ukaenda kule."

"Ehee!" alisema Shangazi.

"Lakini Shangazi, mbele ndiko kunakotisha."

"Ndiyo, kunatisha," alisema Shangazi. "Na ndiko ubao uliko."

Tumpe akameza kiazi. Akafuta mikono kwenye sweta ya juu. Akachukua ubao wake mwekundu.

Hakuna aliyemwambia apande. Alipanda mwenyewe. Ko, ko, ko.

"Nisimame wapi?" aliuliza Shangazi.

"Simama mbali," alisema Tumpe.

Shangazi akarudi nyuma.

"Lakini si mbali sana!"

Shangazi akasogea kidogo.

"Hapo hapo."

Lusajo, Anyisile na Joki waliacha kucheza. Wakamtazama. Hata njiwa walitazama.

Tumpe akaweka mkia kwenye ukingo wa chuma. Tumbo likasema gurrr.

"Ninaogopa," alisema Tumpe. "Lakini naenda mbele."

*Mguu wa nyuma, shika!*
*Mguu wa mbele, kanyaga!*

Akakunja magoti. Akaegemea mbele, mbele kabisa. Akakanyaga kwa nguvu zake zote.

TA!

Wuuuuuuu!

Ubao ukashuka. Na Tumpe akashuka nao. Walikuwa pamoja!

Wakapita katikati. Wakapanda upande wa pili. Wakarudi. Tumpe aliyumba, akapigapiga mikono kama kuku anayeruka uzio. Lakini hakuanguka.

Ubao ukapunguza mwendo, kra... kra... kra. Ukasimama.

Tumpe naye akasimama. Macho yake yalikuwa makubwa.

"Nimeshuka?" aliuliza.

"Umeshuka!" alisema Shangazi.

"Mimi?"

"Wewe!"

Lusajo akagonga ubao wake sakafuni. Ko! Anyisile akagonga wake. Ko! Joki akagonga wake. Ko! Kisha wote wakagonga pamoja, ko-ko-ko-ko-ko! Watoto wa kuteleza hupiga makofi hivyo.

Shangazi Sekela akacheka kicheko chake kikubwa. Njiwa wote wakaruka, purrr!

"Treni inaondoka!" aliita Lusajo. "Mabehewa, pandeni!"

Tumpe hakugusa kamba za viatu. Alikimbilia ngazi. Ko-ko-ko!

Lusajo akashuka. Anyisile akashuka. Joki akashuka.

Sasa zamu ya Tumpe. Tumbo likasema gurrr. Bado lilisema tu!

"Twende wote," Tumpe aliliambia tumbo lake.

*Mguu wa nyuma, shika!*
*Mguu wa mbele, kanyaga!*

Ta! Wuuuu!

"Chuku-chuku, chuku-chuku, puuu!" walipiga kelele. Na sauti ya nyuma kabisa, iliyozidi zote, ilikuwa ya Tumpe.

Walicheza treni mpaka jua likawa la rangi ya chungwa. Tumpe alianguka tena. Alianguka mara nyingi. Lakini Lusajo pia alianguka, na Joki alimwangukia Lusajo, na hapo treni nzima ikalala sakafuni ikicheka.

Jioni, nyumbani, Mama alisafisha kiwiko cha Tumpe kwa maji ya vuguvugu.

"Kinauma?" aliuliza Mama.

"Kinauma kidogo. Mama, tumpigie Bibi!"

Bibi aliishi Tukuyu, kwenye migomba na mvua. Mama akapiga simu. Tumpe akaishika kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Habari za huko?"

"Bibi, nimeshuka!"

"Umeshuka?" alishangaa Bibi. "Umeshuka kituo gani? Mbona hamkuniambia mnakuja? Ngoja nivae viatu nije kukupokea!"

Tumpe akacheka mpaka akajikunja. Mama akacheka. Na Bibi, ambaye hakujua wanacheka nini, akacheka pia.

"Hapana, Bibi! Sijashuka basi. Nimeshuka rampu! Kwa ubao!"

"Kwa ubao?"

"Ndiyo. Wenye magurudumu. Subiri, nikueleze."

Tumpe akapanda kitandani na simu sikioni. Mama akamfunika blanketi.

"Kwanza unapanda ngazi, Bibi. Halafu unaogopa."

"Mhm," alisema Bibi.

"Halafu unaweka mguu wa nyuma."

"Mhm. Nimeuweka."

"Halafu mguu wa mbele..."

Bibi akasubiri.

"Mguu wa mbele nifanyeje?" aliuliza Bibi. "Tumpe? Mjukuu wangu? Nimesimama kwa mguu mmoja huku!"

Lakini Tumpe alikuwa amelala. Fuuu, fuuu.

Mama akachukua simu taratibu.

"Weka mguu chini, Mama," alinong'ona. "Atakumalizia kesho."