Maua ya Harusi ya Alaso

Akiteng wa Malaba hakukosa kazi. Kila asubuhi alipalilia njugu, kisha akayarundikia maua yake udongo na kuyamwagia maji yaliyooshewa vyombo. Ni maua mekundu yanayoota kutoka kwenye tunguu linalofanana na kitunguu, aliyopewa na marehemu mama yake. Yeye mwenyewe aliolewa ameyashika. Sasa binti yake, Alaso, angeolewa baada ya Pasaka, na aliyataka yayo hayo. Lakini miaka mitatu yalikuwa yakitoa majani matupu!

Mwezi wa kumi na mbili alimwita jirani yake, Terry, anayeuza miche kando ya barabara ya malori. Terry akafukua udongo kwa vidole, akacheka.

"Mama Alaso, mbona umezika hii kitunguu kama maiti?"

"Si ninarundikia udongo kama njugu?"

"Njugu inazaa chini, mama. Hii inazaa juu. Shingo na mabega lazima zione jua."

Walivitoa vitunguu, wakatupa vilivyooza. Vilivyonona walivipanda penye jua, nusu ikiwa nje ya udongo, kwa mbolea kidogo iliyooza vizuri.

"Na maji?" Akiteng aliuliza.

"Hakuna, mpaka mvua ya Machi. Na usikate majani, wacha yakauke yenyewe. Ua inataka kupumzika ndiyo ipate nguvu."

Kupumzika! Kwa Akiteng hilo lilikuwa gumu kuliko kulima ekari nzima. Majani yalipokauka, mumewe, Emong, alimtania.

"Sasa hiyo umemaliza kabisa."

Lakini Akiteng hakuigusa ndoo ya maji.

Mvua ikaja. Wiki ya tatu, asubuhi, Akiteng alipiga kelele hadi Emong akatoka mbio na mswaki mdomoni.

"Njoo uone! Njoo haraka!"

Bua nene lilikuwa limechomoza, kichwa bado kimefumba. Kesho yake yakawa manne. Mwisho wa wiki, kumi na moja! Akiteng alicheza pale pale kwenye matope.

Siku ya harusi, Alaso aliingia kanisani na maua mekundu mikononi. Vigelegele vilipaa. Alipofika kwenye benchi la mama yake alisimama, akachomoa ua moja, akampa.

"Mama, wewe ulishika ya nyanya. Mimi nimeshika yako."

Akiteng alilia kwa furaha mbele ya kanisa zima, wala hakuficha uso.