Udongo Mwekundu wa Konani

Vikombe ndivyo vilivyoanza. Mchana mmoja, jua kali, mama mkwe alikuwa sebuleni na chai yake, mara akaona kijiko kinacheza ndani ya kikombe. Kikalia tik-tik-tik, kikanyamaza, kikalia tena, utadhani lori zito linapita chini ya dirisha. Akainuka akachungulia. Nje hapakuwa na lori. Hapakuwa hata na barabara ya kulipitisha, maana nyumba ile ilikuwa ya mwisho mtaani. Nyuma yake palikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta korongo.

"Mkwe wangu," alisema jioni, "nyumba yako inatetemeka."

"Uzee huo, mama," mkwewe akajibu bila kuinua macho kwenye simu. "Inayotetemeka ni miguu yako."

Ndivyo alivyokuwa huyo bwana. Kazini walimwita Rula, kwa sababu alikuwa msimamizi wa upanuzi wa Barabara Kuu na hakuna alichokipenda kama mstari ulionyooka. Kwake yeye kila kitu duniani kilikuwa kimepinda, watu wakiwamo, isipokuwa yeye. Akishika usukani hakumpisha mtu, si mama mwenye mtoto mgongoni, si gari la wagonjwa. "Wanipishe wao," alisema, na mkono wake ukabaki kwenye honi. Na huyo huyo mpenda kunyoosha ndiye aliyejenga nyumba yake kwa saruji ya daraja, nondo za mitaro na kokoto za lami. Ndani ya nyumba ile kitu kilichonunuliwa dukani kilikuwa mapazia tu, tena aliyanunua mkewe.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, akishonea nguo za watu katika chumba kidogo kilichotazamana na korido. Alivaa kandambili ambayo upande mmoja ulishakatika, akaushikiza kwa waya. Akitembea utamsikia tu: pa, kwaruu, pa, kwaruu. "Nitakununulia nyingine," Rula alimwahidi, na ahadi hiyo ikazeeka kuliko hata kandambili yenyewe.

Sasa hiyo Barabara Kuu. Inaanzia stesheni ya reli, inapita sokoni, inapita benki na mahakama, inapanda hadi hospitali kilimani, ndipo inatoka mjini kwenda bara. Kabla ya lami ilikuwa njia ya miguu tu, ya watu waliobeba mizigo vichwani, wengine kwa hiari yao, wengine wamefungwa shingo kwa shingo. Mkoloni akaja na kamba zake za kupimia, akaipanua kwa migongo ya wenyeji, akaipa jina la mfalme wake. Alipoondoka, kila serikali iliyoingia iliking'oa kibao na kubandika chake, kana kwamba barabara inasoma. Lakini wote hao, wababe wa kila aina, walipofika mahali panapoitwa Konani, kati ya mahakama na hospitali, waliipinda. Wapagazi walipinda. Mkoloni na kamba zake akapinda. Wazalendo na hotuba zao wakapinda. Kisa? Kinundu cha udongo mwekundu, hakizidi ukubwa wa chumba cha kulala, hakina mti, hakina kaburi, hakina lolote. Ukiwauliza watu wanakizungukia nini, walikuambia pale pana wenyewe, kisha wakabadilisha mazungumzo.

Rula alikicheka sana kinundu hicho. "Miaka yote hiyo nchi nzima inafyata mkia mbele ya kichuguu!" Akaleta kijiko, mashine ile ya kuchimbia, kikainyoosha kona asubuhi moja tu. Na kwa kuwa uani kwake maji ya mvua yalikuwa yanatuama, na kwa kuwa desturi ya kazi yake ilikuwa kwamba kifusi kizuri hakitupwi bali kinapelekwa kwa bosi, akawaita madereva wake wa tipa. Udongo wote wa Konani ukamwagwa nyumbani kwake. Ulijaza ua, ukaingia hadi chini ya sakafu ya korido mpya aliyokuwa akiimalizia. Pale kilipokuwa kinundu pakabaki shimo, kati ya lami ya kwenda na lami ya kurudi, likisubiri udongo wa kupandia maua.

Basi vikombe vikaanza kutetemeka.

Baada ya vikombe ikaja harufu. Asubuhi, watu wa mjini wanapokwenda kazini, na jioni, wanaporudi, korido ilinuka jasho la watu wengi, vumbi la safari na ngozi mbichi. Mkewe alipiga deki, akamwaga dawa ya sakafu, lakini wapi. Kisha zikaonekana nyayo. Ziliingia mlango wa mbele, zikafuata korido yote, zikaishia ukutani jikoni. Hazikugeuka. Zilikuwa nyembamba, na hazikuwa na visigino.

"Paka," alisema Rula.

"Paka gani mwenye mguu wa urefu huu?" mama mkwe akauliza.

"Mama, wewe kula, lala, pumzika. Mambo ya nyumba yangu niachie."

Lakini aliona jambo moja likamuudhi kuliko nyayo. Mkewe alikuwa ametoka chumbani kwake na gauni la mteja mkononi, na alipofika katikati ya korido akasimama ghafla, akabana mgongo ukutani, akainamisha kichwa. Akakaa hivyo kitambo. Kisha akaendelea na safari yake, pa, kwaruu, pa, kwaruu.

"Unafanya nini wewe?"

"Napisha," mkewe akasema kwa sauti ya chini.

"Unampisha nani?"

"Sijui, mume wangu. Lakini wanapita. Mama naye huwa anawapisha. Ukiwapisha hawana neno."

Lo, Rula alivyowaka! Mtu aliyeinyoosha barabara iliyowashinda wafalme, leo mkewe anajibana ukutani ndani ya korido yake mwenyewe kuipisha hewa! Angeweza kunyamaza. Angeweza hata kucheka. Lakini watu wa aina yake wakishindwa kueleza kitu hukitafutia mtu wa kumkomesha. Jioni ile ile, jua linazama na mji mzima uko barabarani unarudi nyumbani, alimshika mkewe mkono akamvuta, gauni la mteja mkononi, hadi katikati ya korido, akamwita mama mkwe ashuhudie.

"Tazama, mama. Leo tunamaliza ujinga huu. Katika nyumba yangu mke wangu hampishi mtu."

"Niachie, tafadhali," mkewe akanong'ona. "Wanakuja. Nawasikia mlangoni."

"Waje!"

"Mwachie, baba," mama mkwe alimsihi, ameshika fremu ya mlango wa sebule. "Mwachie mwanangu, nakuomba."

Kwanza vikombe vikalia kabatini, vyote kwa pamoja, kisha mlango wa mbele, uliokuwa umefungwa kwa komeo, ukatoa upepo wa moto kana kwamba haukuwapo, na harufu ile ya jasho na ngozi ikajaa korido ikawakaba koo, na ndani ya harufu hiyo zikaja hatua, si za mtu mmoja wala za watu kumi bali za msafara mzima, hatua na mihemo na mizigo inayogongana na minyororo inayokokotwa na magurudumu ya mkokoteni yanayolia kwa kukosa grisi, vyote vikikaribia, vyote visivyoonekana, na vumbi jekundu likinyanyuka sakafuni mbele yao na kusogea, na Rula, mkono wake bado umekamata mkono wa mkewe, akahisi pumzi ya kitu kirefu kuliko dari kilichoinama kumtazama usoni, kikamtazama kama anavyotazamwa inzi kabla hajafukuzwa, na sauti isiyo ya mume wala mke ikasema neno moja tu, taratibu, bila hata hasira: "Pisha."

Akapisha. Ndiyo, yeye. Aliurusha mkono wa mkewe kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, akajibana ukutani, akafumba macho, na suruali yake, tuseme ukweli, ikalowa.

Alipofumbua macho korido ilikuwa kimya. Vumbi lilikuwa linatua. Gauni la mteja lilikuwa chini, na nyayo za kandambili zilichanganyika na zile nyayo zisizo na visigino, zikaenda nazo mpaka ukutani jikoni, zikaishia pale.

"Ulimwachia mkono," alisema mama mkwe. Hakulia wakati ule. Alisema hivyo tu, akawa anamtazama.

Mama mkwe ndiye aliyemleta mganga, mwanamke wa makamo mwenye mkoba begani na viatu vya kubana, aliyechoka kabla hajaanza. Alitembea uani, akaokota udongo kidogo, akaugusa kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Huu wa Konani," alisema. "Nani kauleta?"

Rula akajikohoza. "Ulikuwa kifusi tu. Wewe fukuza hao majini, nitakulipa."

"Nifukuze nani? Hawajaja kwako hao. Hawakujui wala hawakutaki, wanapita tu. Njia yao ilikuwa ndani ya udongo huu tangu hapajawa na mji, na kila mwenye akili aliizunguka. Wewe umeuhamisha, nao wameufuata."

"Na mke wangu je?" Tumpe haki yake: alimpenda mkewe, kwa jinsi mtu kama yeye anavyoweza kupenda.

"Wamemkuta katikati ya njia, wamekwenda naye. Njia ikirudi mahali pake watamshusha pale pale Konani, mzima. Lakini udongo wote urudi. Wote, unanisikia? Ukibaki pengine, hata wa kujaza chungu cha maua, njia itakuwa imekatika vipande, nao watazunguka naye katika vipande hivyo. Usitume mtu. Panda juu ya lori, simama, hakikisha."

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi hivyo. Shimo lilikuwa wazi linasubiri, udongo ulikuwa uani, malori yalikuwa yake kuyaamuru. Lakini kesho yake Waziri alikuwa anakuja kukata utepe, watu wamejipanga toka stesheni hadi hospitali, na Rula alikuwa ameahidiwa kupandishwa cheo mbele yao wote. Apande juu ya lori la udongo wa wizi, mchana kweupe, kila mtu aone unakotoka? Alikesha akilia, akisema jina la mkewe. Asubuhi akavaa suti.

Akawapigia simu wale wale madereva wa tipa. "Chimbueni udongo wote mwekundu kwangu, mpaka chini ya korido. Pelekeni Konani, mmwage katikati pale. Wote. Msinifanyie mchezo."

"Usijali, bosi," wakasema.

Naye akasimama karibu na utepe, akapiga makofi, akapeana mikono, huku jicho likimtoroka kuelekea Konani. Alipoweza kuchomoka, alikimbia na suti yake mpaka shimoni. Alikuta fungu moja la udongo mwekundu, dogo, limemwagwa ovyo. Pembeni yake, juu ya lami mpya, ilikuwapo kandambili moja iliyoshikizwa kwa waya. Aliiokota. Mkewe hakuwapo.

"Mwingine uko wapi?" alimkaba dereva shati. "Udongo mwingine uko wapi?"

"Bosi, taratibu. Kuna watu wanajenga huko njiani, wakauomba. Kidogo hapa, kidogo pale." Dereva alimshangaa kweli kweli. "Kifusi kizuri hakitupwi. Si wewe uliyetufundisha?"

Tangu siku hiyo utamkuta akipita mtaa hadi mtaa, suti imepauka, kandambili mkononi, akichungulia nyua za watu. Ameshabisha hodi kwa mwenye duka la dawa, kwa mchomelea mageti, kwa wazazi wa mhasibu mmoja. Anawaomba udongo wao. Wanamwambia mzee, una wazimu, ondoka. Wengine wanamrushia sarafu. Na baadhi yao, kabla ya kufunga mlango, wanamuuliza kwa kunong'ona kama anajua kwa nini vikombe vyao vinatetemeka.

Jioni moja mwalimu mmoja wa kike, mjane, alimwonea huruma akamkaribisha maji. Nyumba ilikuwa mpya, na uani palikuwa na udongo mwekundu. Rula alikuwa koridoni, glasi mdomoni, maji yalipoanza kucheza ndani ya glasi. Mwalimu akabana mgongo ukutani kama mtu aliyekwisha zoea. Rula akabaki katikati. Safari hii aliapa hatatikisika. Harufu ikaja, mihemo ikaja, minyororo ikaja, na ndani ya kelele zote hizo akaisikia, upande mmoja kandambili, upande mwingine mguu mtupu: pa, puu, pa, puu.

Akanyoosha mikono. "Mke wangu! Mimi hapa! Simama, nikushike!"

Hatua zikasimama mbele yake, karibu kabisa, akahisi joto la mwili anaoufahamu. Kisha sauti ya mkewe, ile ile ya chini, lakini sasa imechoka naye kabisa.

"Pisha," ilisema. "Wewe si unajua kupisha."

Mikono ikamshuka. Akasogea ukutani, naye akampita.