Hujasoma Hata Tarehe

"Mutie! Rudia hapo. Na usikimbie, watu wa nyuma hawakusikii."

Huyo ni Ndindi wangu. Jumamosi saa nane mchana, ukumbi wa kanisa, Buruburu. Mchezo kauandika yeye mwenyewe: karani mpole anayeanza na kosa dogo, akaongeza lingine, mpaka hajijui tena. Na karani ni nani? Mimi, mchumba wake. Harusi yetu ilikuwa imebaki wiki tano.

"Mimi si mtu mbaya," nikaanza. "Nilifanya tu..."

Sauti ikagoma.

"Nilifanya tu walichoniambia! Kwani jana si uliisema vizuri?"

"Koo limekauka, Ndindi."

Koo gani! Uongo mtupu. Simu ilikuwa imetetemeka mfukoni dakika tano tu zilizopita. Ni Muriuki, msimamizi wetu kwenye godauni kule Baba Dogo: "Jumatatu kuna mzigo mwingine wa maziwa. Kuja mapema, na vitambaa visisahaulike."

Ndindi akasema tupumzike. Dada yake, Koki, alikuwa amekaa benchi la nyuma na mtoto wake, Mumo. Akatoa mkebe mpya wa maziwa ya unga, kifuniko cha samawati, akaanza kukorogea kwenye chupa. Sikufikiri. Niliruka viti nikampokonya.

"Asinywe hayo!"

"Wee! Umeingiwa na nini?" Koki akafoka. "Nimetoka nayo dukani kwa Jimale sasa hivi!"

"Yameharibika."

Ndindi akaja, akauchukua mkebe mkononi mwangu, akaupindua.

"Hapa inasema mpaka mwaka ujao, mwezi wa tisa."

"Nakwambia yameharibika."

"Mutie, hujasoma hata tarehe. Umejuaje?"

Akanisogelea, mkebe bado mkononi.

"Nijibu, mpenzi. Umejuaje?"

Ningedanganya tena, maana nilishazoea. Lakini Mumo alikuwa ameinyooshea mikono ile chupa, analia anaitaka, na mimi uongo ukaniishia.

"Nimeiandika mimi."

"Umeandika nini?"

"Hiyo tarehe. Tunafuta ya zamani kwa vitambaa na tina, ile ya kupunguza rangi, halafu tunapiga mpya."

"Aki Mungu wangu," Koki akasema, akamvutia mtoto kifuani.

"Tangu lini?" Ndindi aliuliza polepole.

"Mwaka jana. Ilianza na biskuti zilizopita siku tatu tu. Muriuki akaniambia, siku tatu ni nini bwana? Nikaona ni kweli. Nilikula moja mbele yake na sikuugua. Halafu ikawa mwezi. Halafu ukaja unga. Wiki hiyo sikulala, Ndindi, naapa. Wiki iliyofuata nililala vizuri."

"Na maziwa ya watoto?"

"Ya watoto... hata sikuuliza yamepita muda gani."

Akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza tumekutana.

"Ndiyo maana ulikuwa unanikataza kununua vitu kwa Jimale. Ati unga wake una mchanga! Na mimi nikawaambia watu mchumba wangu anachagua chakula."

"Nilikuwa nakulinda."

"Mimi! Na Koki je? Na Kathini jirani yangu, mwenye mapacha?"

"Singeweza kumwambia kila mtu."

"Ungeweza kuacha kazi, Mutie."

Jamani, kweli ningeweza. Mwaka mzima hilo halikunijia akilini, na naona aibu kuliandika.

"Nisamehe. Leo hii naandika barua ya kuacha."

"Barua itamsaidia nini mtoto aliyeshika chupa saa hii? Twende."

"Wapi?"

"Kwa Jimale."

Jimale ananipenda, masikini. Kuniona tu akacheka.

"Karibu, bwana harusi!"

"Sema," Ndindi akaniambia.

Nikasema yote, wateja wakisikia. Jimale hakufoka. Alianza kuishusha ile mikebe kutoka rafuni, mmoja mmoja.

"Binti yangu anakunywa haya," akasema. "Ameharisha siku nne. Tulidhani ni meno."

Sikujua uso niuweke wapi.

"Mpeleke hospitali sasa hivi, Jimale. Beba na mkebe. Wakiuliza, taja jina langu."

"Nitalitaja," akajibu bila kunitazama, akafunga duka.

Tukatoka. Ndindi alikuwa anatembea huku analia, na kila nikitaka kumshika mkono anautoa.

"Ndindi, na harusi?"

"Mliuzia maduka mangapi?"

"Mengi. Mpaka mtaa wa Pipeline."

"Basi tutaingia yote. Tukimaliza, tunaenda polisi. Ukishasema huko, ndiyo uniulize habari za harusi."

"Utanijibu nini?"

"Sijui, Mutie. Kwa kweli sijui."

Nilitaka aniambie ananipenda, hata kwa hasira. Hakusema. Lakini alibaki pale kando yangu mpaka duka la pili, akanifungulia mlango.

Ndani, mama mmoja alikuwa ameshika mkebe wa kifuniko cha samawati, anauliza bei.

"Mama, usinunue hiyo," nikamwambia. "Hiyo tarehe ni ya uongo. Niliiandika mimi."