Kiunzi Kisicho na Mtunzaji

Simu moja katika droo ya simu za majaribio ilikuwa inatoka jasho. Mwanamke waliyemwita Taratibu aliifuta kwa kitambaa, akadhani ni joto la chaja, akaiweka mezani. Aliporudi na kikombe chake cha chai, kioo kilikuwa kimelowa tena, matone madogo madogo kama yale yanayokaa juu ya mdomo wa mtu mwenye homa. Kitambaa kilinata. Akakinusa, jambo alilolijutia siku nzima, maana kilinuka kama kidole kilichofunguliwa bendeji iliyokaa mno.

Karakana yao ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la viatu. Humo walitengeneza tovuti na programu za simu, hasa ile sehemu ya mbele, yaani kila kitu ambacho mtumiaji hukiona na kukigusa: kurasa, vitufe, visanduku vya kuandikia. Mwenye karakana alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Mume mwenyewe alikaa meza ya dirishani, na kwa kuwa alifanya kila kitu mbiombio, wifi alimbandika jina la Chapuchapu. Mkewe hakukabidhi kazi kabla ya kuijaribu na kuijaribu tena, akaitwa Taratibu. Majina hayo yaliwafuata hadi nyumbani.

Wakati huo walikuwa na kazi ya kliniki ya wazazi. Mkunga mkuu alitaka programu ambayo akina mama wangejiandikishia na kukumbushwa siku za chanjo za watoto, nayo ifunguke kwenye simu na kwenye kompyuta pia. Swali likawa itengenezwe kwa kutumia nini. Taratibu alitaka ukurasa wa kawaida, mwepesi, unaofunguka hata kwenye simu kuukuu. Chapuchapu alitaka kiunzi. Kiunzi, kwa asiyejua kazi hii, ni mkusanyiko wa vipande ambavyo watu wengine wamekwisha kuvitengeneza na kuviweka mtandaoni bure. Fundi huvichukua na kuviunganisha badala ya kuchonga kila kitu mwenyewe. Viunzi viko vingi, vizuri kwa vibaya. Walibishana ofisini, wakabishana jikoni, mpaka wifi akachoka nao, akaamua kila mmoja atengeneze ukurasa wake wa kujiandikisha, kisha mkunga aje Ijumaa achague.

Kiunzi alichokipata Chapuchapu hakuna aliyewahi kukisikia. Vitufe vyake vilikuwa laini ajabu. Ukivigusa, vilididimia kidogo chini ya kioo, kisha vikajaa tena polepole, kama shavu. Taratibu aliuliza swali ambalo fundi hulitanguliza kabla ya kuchagua chochote.

"Nani anakitunza?"

"Wenyewe walikiacha zamani," mumewe akasema. "Majina yao yapo, ila ukiwaandikia hawajibu."

"Basi kimekufa hicho."

"Kimekufa wapi? Kila asubuhi kina toleo jipya. Kinajitunza chenyewe, mke wangu. Ungepata mume wa namna hiyo ungelalamika tena?"

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. Taratibu hakucheka. Simu iliyotoka jasho ndiyo iliyowekewa ukurasa wa mumewe, na tangu ile chai alikuwa akiishika kwa ncha za kucha.

Siku iliyofuata simu hiyo ilikataa chaji. Alimulika tundu la chaja, akaona limeziba, akalichokoa kwa pini. Kilichotoka kilikuwa cha kijivu, laini, chenye mafuta, mfano wa uchafu unaotolewa chini ya kucha, na katikati yake palikuwa na kipande chembamba cha ukucha wa mtu. Alimwonyesha mumewe, naye akasema huenda ni Taratibu mwenyewe aliyekuwa akikata kucha juu ya droo, tena akaongeza kwamba gere halimpendezi mtu mzima. Jioni hiyo, nyumbani mezani, Chapuchapu alikula kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa chini ya meza ukiipapasa simu ile kwa dole gumba, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mtu anayembembeleza paka.

Asubuhi akashindwa kufungua simu yake mwenyewe. Ilikuwa simu ya kufunguliwa kwa alama ya dole gumba. Aliweka dole, ikakataa. Akalifuta kwenye suruali, ikakataa. Akajaribu vidole vyote, huku akinung'unika kwamba simu za siku hizi hazina adabu, hazimtambui hata baba mwenye nyumba. Taratibu alimshika mkono akaugeuza kwenye mwanga. Vidole vilikuwa vyeupe nchani, vimetepeta, havina mstari hata mmoja, vimelainika kama yai la kuchemsha lililomenywa.

"Vinauma?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Haviumi," akajibu, naye pia alikuwa anavitazama. "Vinawasha tu. Nikigusa pale vinatulia."

Hapo Taratibu aliacha kujali ni ukurasa wa nani utakaochaguliwa. Mikono ile ndiyo iliyowalisha. Na Ijumaa ikifika, mkunga akikipenda kitu kile kwa ulaini wake, kila mama angekiweka kwenye simu yake, akakigusa, kisha akaushika uso wa mtoto wake.

Mchana wa siku hiyo mvua ilinyesha, umeme ukakatika, na kompyuta zote zikazimika, lakini droo ya majaribio ilikuwa inawaka kwa ndani. Aliivuta, na harufu ile ya bendeji ikampanda puani nzito kuliko siku zote, akaichukua lenzi ambayo wifi aliisomea maandishi madogo, akaiweka juu ya kitufe cha kujiandikisha, akaona vitundu vya vinyweleo, na katika kila kitundu tone la mafuta, na chini ya vitundu mistari iliyopindapinda ya alama za vidole vya watu wengi, imepandana, mikubwa kwa midogo, na katikati ya mistari hiyo kovu dogo alilolijua vizuri, kovu la kisu cha kukatia vitunguu alilokuwa nalo mumewe tangu siku za uchumba, nalo lilikuwa linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, kwa sababu kitufe kilikuwa kinapumua, na kabla hajaondoa mkono kikainuka juu ya kioo, chenye joto na majimaji, kikambonyeza yeye.

Alitapika kwenye kapu la karatasi. Alipoinua kichwa, wifi alikuwa mlangoni, mikono ameificha kwenye mikono ya sweta.

"Wifi yangu," akanong'ona, "na mimi nilikigusa. Siku ile ile niliyocheka."

Ni wifi aliyemleta mganga, mwanamke mzee, mkavu, asiyependa maneno. Hakutaka kuona simu kwanza. Alitaka kuona mikono. Aliishika mmoja mmoja, akainusa, akakunja pua.

"Jini huyu hana ngozi," akasema. "Majini wengine watakuomba damu, watakuomba manukato. Huyu anaokota ngozi ajivalie, na ya vidole anaipenda zaidi, maana hakuna watu wawili walio nayo ya namna moja. Nani alimchagua?"

Chapuchapu akasema ni yeye. Kwa mara ya kwanza alisema jambo polepole.

"Basi wewe ndiye utakayemkataa. Kwa vidole hivyo hivyo."

Umeme ulikuwa umerudi. Simu iliwekwa kwenye sahani ya bati juu ya moshi wa chetezo, naye Chapuchapu akaketi kwenye kompyuta akaanza kukiondoa kiunzi, kipande baada ya kipande. Herufi za kibodi zilikuwa na uvuguvugu, zikimganda vidoleni. Kila alipobonyeza, kitu kilivutika kama ulimi uliokwama kwenye barafu. Kwenye sahani kioo kilifanya makunyanzi, kikawa kama utando juu ya maziwa ya moto. Mganga aliudaka kwa koleo, akauvuta. Ulitoka mzima, mrefu kuliko simu yenyewe, unachuruzika usaha wa manjano. Spika ya simu ikakoroma, halafu ikasema kwa sauti ya Chapuchapu, ingawa Chapuchapu alikuwa amefumba mdomo:

"Nibakishieni kipande kimoja tu."

Mganga aliutupa utando ule makaani, ukanuka nywele zinazoungua. Aliwauliza kama kuna kipande kilichobaki popote. Chapuchapu akasema hakuna. Taratibu naye akasema hakuna, na alisema kweli kwa kadiri alivyojua.

Mkunga akachagua ukurasa wa Taratibu, kwa kuwa ndio uliokuwapo. Vidole vya mumewe vilianza kurudisha mistari, michache, kama nyasi baada ya moto.

Siku programu ilipozinduliwa, Taratibu alikwenda kliniki kuitazama ikifanya kazi. Akina mama walikuwa wamejaa mabenchini, watoto mapajani, simu mikononi. Mkunga mkuu alimpokea kwa furaha. Alisema inafunguka upesi, maandishi yanasomeka, hana neno.

"Ila hii kalenda ya kuchagulia siku, mwanangu, umenishangaza. Laini! Kama ngozi ya kichanga. Umeitengeneza mwenyewe?"

Taratibu alisema hapana. Ni kijikalenda tu, kipande kidogo cha mtandaoni, kila fundi hukichukua. Hata hakukihesabu kuwa ni cha kuazima. Nacho, akakumbuka sasa, kilikuwa kimeundwa kwa vipande vya watu wengine, na vya wale kwa vya wengine tena, naye hakuuliza ni nani anayevitunza.

Alitoa simu yake ampigie mganga. Akaweka dole gumba, simu ikakataa. Akalifuta kwenye gauni, akaliweka tena.

Kwenye benchi lililo mbele yake, mama mmoja alilinusa dole lake, akakunja uso, akalifuta kwenye nepi ya mtoto, kisha akalirudisha pale pale kwenye kioo.