Shati la Alexis

Kitu cha kwanza alichokiona Dorcas kilikuwa kifungo. Kilikuwa cheupe, kwenye shati la rangi ya majani makavu, lakini kilishonwa kwa uzi mwekundu uliozungushwa mara nyingi hadi kifungo kikasimama kama uyoga. Kazi ile ilikuwa ya mkono wa mwanamume. Mwanamke, hata akiwa na haraka, hashoni namna hiyo.

Mvua ilikuwa imelishika soko la Bunia ghafla. Wauza samaki walifunika mabeseni, wauza viatu walikumbatia magunia yao, na kila mwenye shitingi ya plastiki juu ya meza yake alijikuta na wageni. Chini ya shitingi ya Dorcas, kati ya nguo zake za watoto na maharage ya jirani yake Aimée, aliingia kijana mrefu aliyebeba bidoni mbili za maziwa.

"Munisamehe, bamama," akasema. "Maziwa ikiingia maji, wateja watasema ni mi niliweka."

"Na si weye unaweka?" Aimée akamuuliza.

"Siku ya mvua anaweka Mungu."

Aimée akacheka. Dorcas hakucheka. Aliacha shule katika darasa la tano, mwaka ule wazazi wake walipohama Butembo kuja Bunia, na tangu hapo alizoea kusema kwa vidole kuliko kwa mdomo. Nyumbani kwao, mtaa wa Rwambuzi, alikuwa na cherehani ya mkono. Alishona kofia za watoto wachanga, bavete za kuzuia mate, vigauni na visuruali vya elastiki, vingi akivikata kutoka nguo za wakubwa alizochagua kwenye mitumba. Jumatano na Jumamosi alivileta sokoni. Mteja akimuuliza bei, alijibu akiangalia meza. Lakini kile kifungo kilimsumbua macho.

"Kitaanguka," akasema.

"Nini?"

"Kifungo."

Kijana akajiangalia kifuani. "Hiki? Nilikishona mi mwenyewe. Nilitumia uzi wa gunia."

"Inaonekana," Aimée akasema. "Simama vizuri akushonee. Ni fundi wa watoto, lakini leo atakuhurumia."

Dorcas akatoa sindano kwenye kola ya gauni lake. Kijana alikuwa na harufu ya maziwa na moshi wa kuni. Kazi ilipokwisha ilibidi Dorcas ainame ili aukate uzi kwa meno, na hapo alisikia moyo ukipiga, asijue ni wa nani kati yao wawili.

"Unaitwa nani, fundi?"

"Dorcas."

"Mi naitwa Osée. Ingine ikikatika nitakukuta siku gani?"

"Jumatano," Dorcas akasema, na masikio yakamwaka.

Jumatano Osée alirudi na kifungo mkononi. Jumamosi vilikuwa viwili.

"Huyu atamaliza vifungo abaki uchi," Aimée akasema. "Mupe namba ya simu mumalize hii mambo."

Simu zikaanza. Osée alipiga asubuhi akiwa njiani kuteremsha maziwa ya ng'ombe wa baba yake, na jioni akiosha bidoni.

"Sheri wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Sombe."

"Na mi, unanikumbuka?"

Dorcas akavuta uzi kwenye pindo la gauni lake.

"Haya, usijisumbue. Mi nakata simu. Kama ni ndiyo, unibipu mara moja."

Akakata. Dorcas akaitazama simu, akaangalia kama mama yake yuko karibu, kisha akabipu. Halafu, kwa kuwa hakuna aliyemwona, akabipu mara ya pili.

Jumapili moja walitembea pamoja baada ya ibada. Dorcas alivaa kitenge cha kijani chenye ndege weupe, alichokishona mwenyewe hadi kikamkaa vizuri mabegani. Osée alikuwa na koti la baba yake, mikono mirefu hadi kwenye vidole.

"Kwenu wanaomba mahari ya mbuzi," Osée akasema. "Kwetu tunatoa ng'ombe. Sasa tutakutana wapi?"

"Kwa kuku."

Osée akasimama katikati ya barabara akicheka, mpaka gari jeupe la wanajeshi wa Umoja wa Mataifa likampigia honi. Tangu siku hiyo, akimpigia simu, aliuliza kwanza kuku wanaendeleaje.

Mwezi wa tatu tangu simu zianze ndipo Dorcas alipomwona mtoto. Ilikuwa Ijumaa, si siku yake ya soko, alikuja kutafuta elastiki tu. Osée alikuwa kwenye meza ya sabuni na mtoto wa kiume mabegani, wa mwaka mmoja na kitu. Pembeni yake alisimama mwanamke mwembamba mwenye gauni jeusi. Mtoto alimvuta Osée masikio na kusema, "Papa." Osée akaitika.

Dorcas akarudi nyumbani bila elastiki. Simu ikaita siku tatu asiishike, na Jumamosi hakwenda sokoni. Siku ya nne ilikuwa Jumanne, na iliyoita ilikuwa namba ya Aimée, akaipokea.

"Ni mi," Osée akasema. "Aimée ameniazima simu yake, na amenitukana kwanza. Kwa nini haushiki?"

"Uko na mutoto."

"Nani amekuambia?"

"Macho yangu. Amekuita papa."

"Sheri, niko hapa kwenye lango la kwenu. Toka tuongee. Ukikataa nitaongea na mama yako, na mi namuogopa kuliko weye."

Akatoka. Osée alikuwa amekaa juu ya pikipiki, kofia mkononi, na hakufanya mzaha wowote. Alimweleza kuwa mtoto yule anaitwa Domi. Baba yake alikuwa Alexis, kaka yake Osée, mwalimu. Mwaka uliopita alipigwa risasi kwenye barabara ya Komanda akirudi kutoka kusimamia mitihani. Domi alikuwa na miezi minne. Mwanamume aliyemjua maishani ni Osée.

"Na yule mama?"

"Ni Claire, mujane wake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utafanya hesabu." Osée alizungusha kofia mkononi. "Mwezi ujao tunaondoa matanga. Siku hiyo baba mukubwa anauliza mbele ya familia: mujane na mutoto wanabaki na nani, nani anamurithi mujane? Alexis hakuwa na ndugu mwengine. Wote wananiangalia mi."

"Na weye utasema nini?"

"Nitasema hapana. Nitasema mi niko na mutu Rwambuzi. Utakuwa pale, nitakuonyesha kwa mukono wangu."

"Na yeye?"

"Atarudi kwao. Mutoto atabaki kwetu, ndiyo desturi. Mama yangu atamulea."

Dorcas hakuuliza zaidi. Alikuwa amesikia hapana, nayo ilimtosha.

Osée akafungua gazeti lililofungwa kwenye kiti cha pikipiki. Ndani kulikuwa na shati la bluu lenye mistari myeupe, limepigwa pasi. "Ni la Alexis. Naomba umushonee Domi nguo ya siku ile."

"Sawa," Dorcas akasema.

Alilikata Alhamisi asubuhi, mlango ukiwa wazi ili mwanga uingie. Kutoa nguo ya mtoto katika shati la mtu mzima si kazi ngumu kwa anayejua mahali pa kuanzia. Mikono inakuwa miguu ya suruali: unaifungua hadi kwapani, unaishona pamoja, unapitisha elastiki kiunoni, na vile vikofi vya mwisho wa mikono vyenye vifungo vinabaki kwenye vifundo vya miguu. Mwili wa shati unaukata mdogo, sehemu ya vifungo ukiigeuza iwe mgongoni, mtoto asivile. Hapo mgongo wa zamani unakuwa kifua. Mfuko Dorcas aliufumua kwa wembe, akaubandika mbele. Ulikuwa mkubwa kwa mtoto, ulikula kifua chote, na kwenye kona yake kulikuwa na doa la wino mweusi.

Jumatatu Claire alikuja kumjaribisha mtoto ile nguo. Alivaa lile gauni jeusi, na Domi alikuwa mgongoni amelala mdomo wazi.

"Ni weye Dorcas," akasema. "Osée akitaja jina lako anasahau kula."

"Karibu, Mama Domi."

Domi aliamka akavalishwa, na mara akaanza kukimbia chumbani akijishika suruali. Claire alimkamata, akaweka kidole juu ya doa.

"Kalamu zake zilikuwa zinavuja," akasema. "Nilifua hii doa miaka mbili. Haitoki."

Dorcas alipiga magoti kupanga pindo. Claire aliendelea kusema taratibu, kama mtu anayezungumza na mvuke wa chungu.

"Mi simutaki Osée, usiogope. Alikuwa anatuibia sukari akiwa mudogo, nitamuitaje bwana? Mi nataka siku zangu zipite tu. Lakini huyu," akamvuta Domi kwenye magoti yake, "wakinirudisha kwetu, huyu atabaki. Sijui nitalala namna gani."

Dorcas alikuwa na pini mdomoni, na alishukuru kuwa nazo. Mtu mwenye pini mdomoni hadaiwi jibu.

Walipoondoka alikaa mbele ya ile nguo na wembe mkononi. Bila mfuko ingekuwa nguo ya bluu tu, nzuri, ya mtoto yeyote. Aligusa uzi wa kwanza wa mfuko. Kisha akafikiri jinsi watu watakavyouliza siku ile, nani ameshona kitu kama hiki, na jinsi Osée atakavyosimama na kutaja jina lake. Akaweka wembe chini, akashona mfuko mara ya pili ili usitoke.

Siku ya kuondoa matanga ilikuwa Jumamosi, jua kali. Dorcas alivaa kitenge chake cha ndege weupe, akakaa kwenye mikeka pamoja na wanawake. Mchungaji aliomba. Claire aliingia ndani akiwa na gauni jeusi, akatoka na kitenge kipya cha njano, na wanawake wakaimba. Watu walikula nyama, ugali na maharage. Halafu baba mkubwa, Mzee Hippolyte, alisimama na fimbo yake akauliza lile swali lililokuwa limewaleta wote.

Osée akainuka. Shati lake lilikuwa jeupe, vifungo vyote mahali pake. Alitazama upande wa mikeka mpaka akamwona Dorcas.

"Familia," akasema, "mi niko na neno."

Wakati huohuo shangazi Domitille, dada wa baba yake Osée, alikuwa amempakata Domi akimpangusa mchuzi kidevuni. Mkono wake ukasimama kifuani kwa mtoto.

"Hii ni wino ya Alexis," akasema.

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayesoma barua. Akaonyesha wanawake wa kulia, akaonyesha wa kushoto, nao wakaanza kulia mmoja baada ya mwingine. Bibi wa watu, mama yake Alexis, alikuja akashika ule mfuko kwa vidole viwili, akaunusa. Kisha Domitille alivuka uwanja akamweka mtoto mikononi mwa Osée. Domi alimjua, akampiga kofi shavuni, akasema, "Papa." Claire alijifunika uso kwa kitenge cha njano.

"Sema, mutoto wangu," Mzee Hippolyte akasema. "Ulikuwa na neno."

Osée aliangalia mfuko. Aliangalia muda mrefu. Upande wa mikeka hakuangalia tena.

"Nimekubali," akasema. "Wanabaki na mi."

Watu wakapiga makofi. Katika furaha ile Domitille akauliza, "Na nani ameshona hii nguo?"

"Ni Dorcas wa Rwambuzi," Claire akajibu, akipangusa macho. "Yule pale."

Wote wakageuka. Wakampigia makofi yeye pia. Domitille alikuja mpaka kwenye mkeka, akamshika mikono yote miwili.

"Mungu akupe bwana muzuri, binti yangu," akasema.

"Asante, mama," Dorcas akasema.

Siku nne Osée hakupiga simu. Siku ya tano alasiri alikuja kwa miguu, bila bidoni, akasimama mlangoni. Dorcas alikuwa anazungusha cherehani, bavete ya mteja chini ya sindano. Hakumkaribisha kiti.

"Nilikuwa na neno mudomoni," Osée akasema. "Uliona. Walipomuweka pale, likakauka."

Cherehani iliendelea.

"Claire angepoteza mutoto, Dorcas. Na mama yangu, uliona alivyoshika ule mufuko? Ningesema hapana kwa nani?" Alingoja. "Sitakudanganya kwamba simupendi mutu niliyemupenda. Lakini weye unaelewa. Ungekuwa mahali pangu ungefanya vilevile. Hata juzi nilimuambia Claire: Dorcas hawezi kukasirika, ni yeye aliyeshona na mikono yake, alitaka mutoto abaki na mama yake."

Dorcas akalishika gurudumu la cherehani, likasimama. Alimwangalia usoni moja kwa moja, kwa mara ya kwanza bila kutafuta mahali pengine pa kuweka macho.

"Usimuambie Claire hivyo," akasema. "Alikaa hapa, akaniambia watamunyang'anya mutoto, akaniambia hatalala. Nilimusikia vizuri. Nilikwenda pale na kitenge changu, nikakaa kwenye mukeka, nikajua kila kitu. Na nilitaka useme hapana."